Poil, bleu na fulana ya mshauri

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, kuna watu wanarudi na wazo lile lile: tuwachague wanafunzi fulani, tuwafundishe, halafu wao wawasaidie wenzao kuishi kwa afya. Wapunguze pombe, walale, wale vizuri, wajikinge na magonjwa ya zinaa. Kwa Kifaransa cha kwetu wanaitwa pairs éducateurs, kwa Kiswahili cha vitabu ni waelimishaji rika. Wazo lenyewe silipingi. Napinga namna linavyofanywa, na leo nitasema kwa urefu kidogo, ju hapa kwenye page tuna haraka ya kupongeza picha yoyote yenye watu 20 wamevaa fulana moja.

Tuanze na bleu mwenyewe. Kijana anayetoka Salamabila kwenda kusoma Kindu, Kasongo, Bukavu ao Kalemie hafiki pale bila mshauri. Anafikia kwa mtu wa nyumbani, poil wa mwaka wa pili ao wa tatu, na kuanzia usiku wa kwanza anafundishwa. Anaonyeshwa mahali pa kuchota maji, mama anayekubali deni la unga, prof anayeuliza maswali ya silabusi na yule asiyeuliza. Anaonyeshwa pia kabare. Ndani ya wiki tatu anajua kuishi kwa gong unique, chakula mara moja kwa siku, na anajifunza kuitaja kwa majivuno kama mtu aliyetoka jeshini. Anajifunza kukesha kwa kahawa na kinywaji cha nguvu usiku wa kabla ya mtihani. Anajifunza kwamba kikombe kidogo cha kanyanga kinaondoa aibu. Hakuna semina, hakuna per diem, hakuna mtu anayejaza orodha ya mahudhurio, na mafunzo yanaingia kabisa.

Kwa hiyo mtu asituambie kama habari mpya kwamba vijana wanajifunza kwa vijana. Sisi wote njo tulivyofundishwa. Swali la kumuuliza yeyote anayeleta mpango wa washauri ni moja: mpango wako unaingia katika ile nyumba ya bleu na poil, ao unabaki kwenye ukumbi?

Mingi inabaki kwenye ukumbi. Nimekaa katika mafunzo ya namna hiyo, ya siku tatu, na waliotuita sitawataja. Angalia kwanza nani alichaguliwa. Wanaosema Kifaransa kizuri. Mtoto wa mchungaji, mtoto wa shehe, wa kwanza darasani, yule ambaye hajawahi kuonja pombe. Watu wazuri wote, wengine ni marafiki zangu. Lakini fikiria yule ambaye hajawahi kunywa anaenda kumshauri mwenzake ambaye kila jioni hawezi kupita kabare bila kuingia. Atamwambia ukweli mtupu, na yule atamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu jioni ataingia kabare. Tulichagua kwa miaka ya kuzaliwa, tukasahau kwamba rika ni watu waliopitia kitu kimoja. Mshauri wa mnywaji ni mtu aliyekunywa akapunguza, na ambaye anaweza kueleza alifanya namna gani Jumamosi ya kwanza bila kupoteza marafiki wote.

Halafu kitabu walichotugawia. Kula mara tatu kwa siku, na matunda kila mlo. Tembea hatua 10,000 kila siku. Nilicheka, na jirani yangu akacheka. Hiyo namba ya 10,000 ina historia yake: mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri kwa mtu mzima. Sasa mwanafunzi anayebeba bidon ya lita 20 asubuhi, anaenda kwa miguu hadi chuoni na kurudi na jua, huyo dakika zake anazimaliza Jumatano. Tatizo lake halikuwa mazoezi. Tatizo ni kwamba anayafanya na njaa na hajalala.

Na katika kitabu kile, kilichogawiwa kwa vijana wa mji wa dhahabu, hakukuwa na neno hata moja juu ya zebaki. Hapo sikucheka tena. Kwetu kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara pale Namoya mwaka 2016, ikasimamisha kazi mwaka 2019, lakini mashimo ya wachimbaji wa mkono yalikuwapo kabla yake na yapo baada yake. Tunajuana: wengi wetu minervali ililipwa na shimo. Kijana anamaliza mitihani, anarudi likizo, anashuka. Pale zebaki, mercure kwa Kifaransa, inapotumiwa kukamata dhahabu, ile donge inachomwa ili zebaki iondoke, na moshi wake hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Unaingia kwenye mapafu, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mwanamke mwenye mimba unafika kwa mtoto. Kuna watu wanachoma ndani ya nyumba, karibu na chakula. Mshauri wa afya kwa mwanafunzi wa Salamabila angeanza hapo: ukichoma, chomea nje mbali na watoto, simama upande upepo unakotoka, na sufuria ile isirudi jikoni hata siku moja. Kumwambia aache kabisa ni rahisi kwa mtu asiyemlipia minervali.

Lakini kitabu kinaweza kurekebishwa. Jambo linalonisumbua zaidi ni imani iliyo nyuma yake, kwamba mtu akijua atabadilika. Imani hiyo ilikwisha kupimwa, tena si mbali na sisi, ng'ambo ya Tanganyika.

Mwaka 1999 mkoani Mwanza, Tanzania, ulianza mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 za vijijini ziligawanywa kwa kura, 10 zikapata mpango, 10 zikabaki za kulinganisha. Walimu wa shule za msingi walifundisha afya ya uzazi na kujikinga na ukimwi, wakisaidiwa na wanafunzi waliofunzwa kuwa waelimishaji wa darasa lao, wenye kucheza michezo mifupi ya kuigiza mbele ya wenzao. Vituo vya afya vilifundishwa kupokea vijana bila kuwafokea. Ulikuwa mpango mzuri, wenye watu makini, na juu ya yote ulipimwa kwa damu, haukupimwa kwa maswali tu. Miaka mitatu baadaye ujuzi wa vijana ulikuwa umepanda sana, na majibu yao juu ya mwenendo yalikuwa mazuri zaidi. Lakini virusi vya ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa havikupungua kwa namna ya kuaminika. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walirudi, wakapima vijana 13,814. Hadithi ile ile: wanajua zaidi, maambukizi hayana tofauti.

Wengine wanaitumia habari hii kusema ushauri wa rika ni bure. Mimi naisoma tofauti. Wale watoto walipewa maneno ya kusema, na mwalimu alibaki mbele ya darasa. Nje ya darasa mji ulibaki vile vile: mwanaume mwenye pesa alibaki na pesa, msichana asiye na sabuni alibaki bila sabuni. Watafiti wenyewe walifikia hapo, kwamba kazi na vijana peke yake, bila kugusa jamii inayowazunguka, haitoshi. Nawaheshimu sana kwa sababu moja zaidi: walichapisha matokeo yasiyowafurahisha. Mafunzo ya siku tatu niliyohudhuria mimi yalifungwa na ripoti ya "watu waliofikiwa". Kufikiwa maana yake nini? Uliniona, nikakuona, ukaandika jina langu.

Sasa tazama Kenya, ju huko kuna kitu cha kuiga. Shamiri (neno letu hilo, kustawi na kuenea) ni mpango wa shule za sekondari ulioanzishwa na kijana wa Kenya, Tom Osborn, pamoja na wenzake. Wanaoongoza vikundi ni vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wenye umri wa karibu miaka 20. Hawana digrii ya saikolojia. Wanakaa na kikundi kidogo cha wanafunzi mara nne, saa moja kila wiki. Mwaka 2019 walijaribu kwa wanafunzi 413, wengine wakiwekwa katika vikundi vya namna ya kusoma vizuri ili kulinganisha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili za huzuni nzito na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika Shamiri. Mle ndani hakuna mtu anayesomewa orodha ya hatari. Wanazungumza juu ya mtu kuweza kubadilika, juu ya shukrani, juu ya kile ambacho kwake kina thamani. Sisemi ni dawa ya kila kitu. Wale ni wanafunzi wa sekondari wanaokaa shuleni pamoja, hawapangi chumba mjini wakitafuta makala. Na huzuni siyo kabare, hata kama mara nyingi moja inapeleka kwa nyingine. Lakini angalia umbo lake: watu wachache, kikundi kile kile, kurudi tena na tena, na mtu mwenye ujuzi anayewafuatilia wale vijana viongozi.

Na kwa anayefikiri kwamba siri yote iko kwenye ujana, aende Harare. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare kwa kuwafundisha bibi wa mtaa kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye mawazo mengi. Kwa Kishona hali hiyo wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na kila mwanafunzi wa Salamabila aliyewahi kusema "niko na mawazo" ataelewa bila mkalimani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 573, lilionyesha bibi wale walisaidia. Bibi, wandugu! Umri ulikuwa mbali kabisa na wa wagonjwa wengi. Ila walikuwa wa mtaa ule ule, wanajua bei ya unga ya wiki ile.

Waswahili wa pwani walikuwa na mtu anayeitwa somo, mwanamke anayemfunda msichana anapoingia utu uzima. Kinachonivutia pale ni kwamba kazi yake haikwishi baada ya ngoma. Anabaki mtu wa kumwendea, katika ndoa, katika uzazi, katika matatizo. Tukiweka hayo pembeni ya siku tatu na fulana, tofauti haihitaji maelezo.

Basi ningependa tukosoe kwa kuonyesha pia. Chukua chakula. Mshauri wa kitabu anasema "usile mara moja." Mshauri wa kweli anahesabu. Wanafunzi watatu wa nyumba moja, kila mtu na babula yake, kila mtu na makala yake, kila mtu anapika usiku peke yake kwa sababu mchana hakuna nafasi. Hapo pesa inaisha kwenye makala kabla haijafika kwenye chakula. Sisi tunajua likelemba ya pesa tangu utoto. Tufanye likelemba ya sufuria. Kila mtu anatoa kiasi fulani Jumapili, zamu ya kupika inazunguka, maharage yanalowekwa usiku ili yasimalize makala, sombe inatiwa karanga, ndagala kidogo juu, na kipo kinachobaki kwa asubuhi. Hakuna aliyehubiriwa. Gong imekuwa gong mbili ju nyumba imepangwa upya. Na babula inakaa nje ya mlango, hata mvua ikinyesha, kwa sababu makala ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa inayoua mtu usingizini. Hilo nalo sikuliona kwenye kitabu.

Pombe ni ngumu zaidi na sitajifanya kuwa na jibu. Kitu kimoja nimekiona kwa macho: nyumba ambayo poil wake hakai kabare siku za kazi, bleu wake pia hakai. Na nimeona kinyume chake mara nyingi zaidi. Ndiyo maana nasema mshauri asiletwe mwezi wa tatu, bleu akiwa amekwisha kuwa na desturi. Wiki tatu za kwanza ndizo zenyewe. Baadaye utakuwa unamwomba avunje urafiki alioujenga, na hapo wengi tutashindwa.

Nije kwa jambo ambalo watu wa mipango wanalikwepa. Ukimwambia mwanafunzi "wewe ni mshauri, mlango wako uwe wazi," siku moja atakayegonga hatakuwa na swali la mboga. Atakuwa msichana aliyebakwa. Mimi natoka Salamabila, na miaka ya Maï-Maï Malaika hakuna mtu wa kunifundisha kwamba jambo hili ni la nadra. Na miji tunayoenda kusoma nayo si salama kiasi hicho. Mshauri aliyefunzwa hatua 10,000 atafanya nini usiku ule? Atamwambia avumilie, ao asali, ao angoje asubuhi waulizane na wazee. Kumbe saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kwisha, na kadiri ya mapema ni bora. Ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku tano. Matibabu hayapaswi kungoja karatasi ya polisi. Kila mshauri, kabla ya kupewa jina hilo, ajue kwa kichwa: hospitali ipi inatoa huduma hiyo katika mji ule, nani wa kupigiwa simu, na moto upi wa kumpeleka usiku. Ajue pia kwamba uamuzi wa kwenda ao kusema ni wa yule msichana, na siri yake haiingii kwenye kundi la WhatsApp hata bila jina. Kama mpango hauwezi kumfundisha mshauri haya na kumpa mtu mkubwa wa kumwegemea baadaye, bora usimwambie aache mlango wazi.

Kwa hapo hapo: wasichana wafuatwe na wasichana. Najua kuna watakaonuna. Lakini sote tumemwona poil anayejiita parrain wa bleu wa kike, anamwonyesha mji, anamsaidia na silabusi, na mwezi wa pili anadai malipo. Tusiuite huo ushauri wa afya.

Na pesa. Wakubwa wetu wanapenda kusema vijana wafanye kwa moyo. Moyo haununui mega za kumpigia mtu Bukavu. Mshauri mwenye gong unique hawezi kuwa na subira ya kumsikiliza mwenye gong unique. Sidai mishahara. Per diem ya siku tatu za hoteli, chai na mikate, ingegawanywa kwa miezi tisa ya vocha ya simu na mfuko wa maharage kwa kila nyumba yenye mableu, tungeona tofauti. Nimefanya hesabu ya namna hiyo mbele ya mtu wa mpango mmoja, akanijibu kwamba maharage hayana mstari katika bajeti yake. Semina ina mstari.

Sisi wahitimu hatuna semina wala hoteli, lakini tuna kitu ambacho wao hawana: tunajua kila nyumba. Tunajua wa Salamabila wanapanga wapi Kindu, nani amebaki Kasongo, nani ana shemeji Kalemie. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, majina ya watakaoenda yanajulikana hapa kabla ya wao kupanda moto. Kwa hiyo kabla hatujaandika barua nyingine ya kuomba msaada, kila mmoja mwenye mdogo wake anayeenda mwaka huu amtafute yule poil atakayempokea, ampigie, amuulize mambo matatu tu: mnapikaje, unakunywa siku gani, na msichana akigonga usiku unampeleka wapi. Majibu tuyalete hapa chini, bila majina ya watu. La tatu njo nasubiri zaidi.